Makinikia Hayachimbwi: Kazi ya Kinu na Maji Kabla Povu Halijapanda

Kuna maneno ambayo nchi nzima hujifunza ndani ya wiki moja. Mwaka 2017 neno hilo lilikuwa makinikia. Machi mwaka ule serikali ilizuia kusafirisha nje makinikia ya metali, makontena 277 yakabaki bandarini Dar es Salaam, Rais Magufuli akaunda kamati mbili, ya kwanza chini ya Profesa Abdulkarim Mruma na ya pili chini ya Profesa Nehemiah Osoro, na kila kijiwe cha kahawa kikapata mtaalamu wake wa madini. Mimi nilikuwa bado sekondari. Ninachokumbuka ni kwamba watu wengi mtaani waliuita ule mzigo "mchanga". Yaani picha iliyokuwa vichwani mwetu ni ya watu wanaochota mchanga ardhini, wanaujaza kwenye kontena, safari.

Sasa nasoma ualimu wa sayansi, na kemia ndiyo somo langu kuu. Nilipokuwa TP nikifundisha uchenjuaji wa metali, mwanafunzi mmoja wa nyuma kabisa alinyoosha mkono: "Madam, hivi makinikia wanayachimba wapi?" Darasa lilicheka, lakini swali lile ni zuri kuliko linavyosikika. Jibu lake ni kwamba hayachimbwi popote. Kinachochimbwa ni mbale, yaani mwamba wenye madini kidogo na mawe mengi. Makinikia hutengenezwa kiwandani. Na kama yanatengenezwa, basi kuna mtu anaamua yawe na nini ndani yake, na kuna mambo yanayoweza kumharibia uamuzi huo.

Siandiki kusema nani alikuwa sahihi mwaka 2017. Naandika kwa sababu vitabu vyetu vya shule vinamaliza jambo hili kwa sentensi mbili: saga mbale, changanya na maji na mafuta, puliza hewa, madini yatapanda na povu. Sentensi hizo si za uongo. Ila zinaruka mambo mawili yanayoamua karibu kila kitu: mbale imesagwaje, na maji yale yana nini ndani yake. Hayo ndiyo nataka tuyaone, taratibu, hata kwa msomaji wa sheria au uhasibu aliyeachana na kemia Kidato cha Pili.

Kuelea maana yake nini hapa

Tuanze na jambo linaloonekana kama kichekesho. Kalkopairiti, madini ya shaba, chuma na salfa, ni nzito zaidi ya mara nne kuliko maji. Dhahabu ni nzito mara kumi na tisa. Sasa vitu hivyo vinaeleaje?

Haviogelei vyenyewe. Vinabebwa na mapovu ya hewa. Chembe ndogo ikikutana na povu ndani ya maji, kuna mambo mawili yanaweza kutokea. Kama uso wa chembe unapenda maji, maji yanaung'ang'ania, povu linateleza na kwenda zake, chembe inazama. Kama uso wake unakataa maji, povu linaugandia na kuibeba chembe hadi juu. Umeshaona sahani yenye mafuta ukiimwagia maji: maji hayatandazi, yanajikusanya vitone vitone. Huo ndio uso unaokataa maji.

Unaweza kujaribu hili bwenini. Nyunyiza pilipili manga ya unga juu ya bakuli la maji, nyingi itakaa juu. Dondosha tone la sabuni ya maji katikati: pilipili inakimbilia pembeni na sehemu yake inaanza kuzama. Pilipili haijabadilika uzito. Maji ndiyo yamebadilika. Mbinu yenyewe ya mgodini si hiyo hiyo, lakini somo la kwanza ni moja: anayeelea na anayezama hutegemea pia kilichoyeyuka kwenye maji.

Kiwandani, madini mengi ya salfaidi hupewa msaada. Huongezwa kemikali inayoitwa kikusanyaji, na maarufu zaidi ni jamii ya zanthati, iliyoanza kutumika miaka ya 1920. Molekuli ya zanthati ina kichwa chenye salfa kinachoshika uso wa salfaidi, na mkia wa hidrokaboni unaokataa maji. Ni kama kuivalisha chembe koti la mvua. Kinachotakiwa ni kidogo mno, kwa kawaida makumi ya gramu tu kwa tani nzima ya mbale. Kisha huongezwa kitoa povu ili mapovu yawe madogo na yasipasuke haraka. Lile povu zito lenye kung'aa linalochotwa juu, likikamuliwa maji na kukaushwa, ndilo makinikia.

Mbinu hii ina historia ndefu. Mwaka 1886, huko Marekani, mama mmoja aitwaye Carrie Everson alipewa hataza ya kutenganisha madini kwa mafuta na asidi. Hadithi iliyoenea inasema alikuwa mwalimu aliyegundua jambo hilo akifua mifuko michafu ya sampuli. Ni hadithi tamu, hasa kwetu walimu, lakini haina ukweli: alikuwa mke wa daktari, na majaribio yake aliyafanya kwa makusudi. Miaka ya mwanzo ya 1900 mbinu ya kuelea ilikomaa Broken Hill, Australia, ambako mamilioni ya tani za mabaki yenye zinki yalikuwa yamelundikwa kwa sababu hakuna aliyejua kuyatoa. Malundo yale yakageuka mali.

Kinu: kwanza ni kufungua ndoa

Madini ndani ya mwamba yamefungamana na mawe mengine, kama karanga ndani ya kashata. Huwezi kuchagua karanga kabla hujaivunja kashata. Kwa hiyo mbale husagwa kwenye vinu vikubwa, mapipa ya chuma yanayozunguka yakiwa na maji na magololi ya chuma ndani, mpaka chembe ya madini iachane na chembe ya jiwe.

Sasa swali la kwanza: isagwe hadi wapi? Ukisaga kidogo mno, chembe nyingi zinabaki nusu madini nusu jiwe. Zikipanda zinachafua makinikia, zikizama zinaondoka na shaba yetu. Isitoshe chembe kubwa ni nzito, hata ikishikwa na povu inachomoka njiani. Basi tusage sana? Hapana. Chembe ikiwa ndogo mno inafuata mkondo wa maji unaozunguka povu na kulikwepa, kama vumbi linavyopita pembeni mwa gari linapokwenda kasi. Haigongani, haishikwi. Kwa madini mengi ya salfaidi, chembe zinazoelea vizuri ziko kati ya mikromita 10 na 150 hivi. Unywele wa mtu una unene wa mikromita 70 kwa makadirio. Ndiyo kusema tunazungumzia vumbi laini kuliko unga wa sembe.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu ndogo inalionesha. Chukua kipande chenye umbo la kete, kila upande sentimita 1. Eneo la uso wake ni sentimita 6 za mraba. Kikate kiwe vikete vya mikromita 100: unapata vipande milioni moja, na eneo lote ni sentimita 600 za mraba, karibu karatasi ya A4. Kikate tena hadi mikromita 10: vipande bilioni moja, eneo sentimita 6,000 za mraba, kama uso wa dawati. Jiwe ni lile lile, uzito ni ule ule, ila uso umekuwa mara elfu. Na kila kitu katika kazi hii hutokea kwenye uso. Ukisaga zaidi bila kufikiri, unahitaji zanthati zaidi, oksijeni inaliwa zaidi, na uchafu una mahali pengi zaidi pa kukaa.

Hata hivyo kuna mbale ambazo hazikuachii uchaguzi. McArthur River, kaskazini mwa Australia, kuna zinki na risasi nyingi zilizogunduliwa mwaka 1955. Mgodi ulifunguliwa mwaka 1995. Miaka arobaini! Sababu kubwa ni kwamba chembe za madini pale ni ndogo ajabu na zimeshikana, na vinu vya wakati ule havikuweza kuzitenganisha kwa gharama inayobebeka. Ilibidi kwanza wabuni kinu cha aina nyingine huko Mount Isa, kinachokoroga chembe kwa kasi badala ya kuziponda kwa magololi yanayoanguka, ndipo wakafika mikromita 7. Mali ilikuwepo muda wote. Kilichokosekana ni kinu.

Kinu si mashine tu, ni betri

Hapa ndipo mimi mwenyewe nilipoanza kuipenda mada hii, maana inaunganisha sura mbili za kitabu ambazo hatuziunganishi: uchenjuaji na elektrokemia.

Magololi ya chuma huisha. Si ajabu kinu kikala nusu kilo ya chuma au zaidi kwa kila tani ya mbale. Wachimbaji wadogo wenye makarasha kule Geita na Kahama wanalijua hili kwa mfuko wao, kwa sababu magololi ni gharama ya kila siku. Lakini chuma kile kinakwenda wapi? Sehemu kubwa inaingia kwenye tope na kwenye maji.

Sasa kumbuka ile mada ya seli ya galvani: ukigusanisha vitu viwili vinavyopitisha umeme ndani ya maji yenye chumvi, kimoja kinatoa elektroni na kuliwa, kingine kinazipokea na kulindwa. Ndiyo maana mabati yetu hupakwa zinki, ili zinki iliwe badala ya chuma. Madini mengi ya salfaidi hupitisha umeme. Pairiti, ile ya rangi ya dhahabu inayowadanganya watu, ni mgumu kuliko wote kutoa elektroni. Kalkopairiti na galena zinafuata. Chuma cha gololi ni mwepesi kabisa kutoa. Kwa hiyo kila gololi linapoigonga chembe ya salfaidi, betri ndogo inawaka. Mamilioni ya betri kwa sekunde.

Katika betri hizo chuma kinaliwa. Elektroni zinakwenda kwenye uso wa madini, na huko oksijeni iliyoyeyuka inazipokea na kugeuka haidroksaidi. Chuma kilichoyeyuka kinakutana na haidroksaidi hiyo, na matokeo yake ni tabaka jembamba la kutu juu ya madini. Kwa hiyo yametokea mabaya mawili kwa pamoja. Kwanza, madini yamevaa kutu, na kutu inapenda maji. Pili, oksijeni imekwisha.

Kwani oksijeni ina kazi gani? Ina kazi kubwa. Zanthati haishiki uso wa salfaidi bure bure. Kushika kwake ni mmenyuko wa kielektrokemia: zanthati inatoa elektroni, na lazima kuwe na wa kuzipokea upande wa pili, ambaye kwa kawaida ni oksijeni. Tope likitoka kinuni halina oksijeni, unaweza kumimina zanthati unavyotaka, itaelea kwenye maji bila kushika chochote. Msimamizi asiyejua ataongeza dawa. Anayejua atapuliza hewa kwanza, dakika kadhaa, mpaka oksijeni irudi, ndipo aweke dawa. Wengine hubadilisha magololi, wakaweka ya chuma chenye kromi nyingi yasiyoshika kutu haraka, au vinu vya kukoroga vyenye vigololi vya kauri visivyo na chuma kabisa.

Lakini tusikimbilie kusema oksijeni ni rafiki siku zote. Mbale ya salfaidi ikirundikwa nje mvua mbili tatu, uso wake unaungua polepole na kuwa salfeti na haidroksaidi, nao huo hauelei vizuri. Na ile kutu, ikikaa juu ya pairiti ambayo hatuitaki, imetusaidia. Kazi yote ni kipimo.

Jaribio la darasani lipo, na ni la bei ya misumari. Chukua misumari miwili, mmoja uzungushie waya wa shaba uliomenywa, uitumbukize yote kwenye maji ya chumvi katika glasi mbili. Baada ya siku chache ule wenye shaba utakuwa umeshika kutu zaidi. Hapo umemwonesha mwanafunzi kinachotokea ndani ya kinu cha mamilioni ya dola.

Maji: pH na dirisha lake

Tuje kwenye maji. Tatizo kubwa la mbale nyingi za shaba ni pairiti. Nayo ni salfaidi, nayo inapenda zanthati, na iko nyingi. Ukiiacha, itapanda na shaba.

Chukua mfano wa hesabu niliojitungia. Tani 100 za mbale zina shaba asilimia 1, yaani tani moja. Tuseme tunapata asilimia 90 yake, tani 0.9. Kama makinikia yana shaba asilimia 25, uzito wake ni tani 3.6. Sasa iingie pairiti tani 1.4 isiyotakiwa. Makinikia yanakuwa tani 5, na shaba imeshuka hadi asilimia 18. Shaba ni ile ile, lakini unalipia tani 1.4 za kusafirisha, kuyeyusha na kushughulikia gesi ya salfa. Na yule anayepima kontena anaona mzigo umeongezeka wakati utajiri haujaongezeka hata gramu moja. Ukiona takwimu za uzito wa makinikia bila asilimia zake, ujue hujaambiwa kitu bado.

Dawa ya zamani ya kuzuia pairiti ni rahisi kuliko unavyodhani: chokaa. Chokaa hupandisha pH, na haidroksaidi hushindana na zanthati kugombea uso wa madini. Katika miaka ya 1930 huko Melbourne, Ian Wark na wenzake walipima jambo hili kwa uvumilivu mkubwa, madini kwa madini. Waligundua kwamba kwa kiasi fulani cha zanthati kila madini yana pH yake ya mwisho, ambayo ukiipita povu halimshiki tena. Kwa miligramu 25 za zanthati ya ethili kwa lita, pairiti ilikoma karibu pH 10.5, kalkopairiti ikaendelea mpaka karibu 11.8. Katikati ya namba hizo kuna dirisha. Ukiweka maji yako pale, shaba inapanda na pairiti inabaki chini. Ukikumbuka kwamba pH ni kipimo cha logi, na kupanda kwa namba moja ni mara kumi, utaona kwa nini mtu anakaa usiku kucha akichungulia kipimo kile.

Maji yaliyokwisha tumika

Ingekuwa maji ni safi kila siku, kazi ingeishia hapo. Lakini mgodi hauwezi, na haupaswi, kuchota maji mapya kila saa. Maji yanayotoka kwenye bwawa la mabaki yanarudishwa kinuni, tena na tena. Kwa mazingira ni jambo jema, na katika ukanda wenye kiangazi kama Shinyanga ni lazima. Ila maji yaliyorudi yana kumbukumbu. Yanarudi na kalsiamu ya chokaa ya jana, salfeti, thaiosalfeti, mabaki ya zanthati, na ayoni za metali.

Ayoni za shaba ndizo mchezaji hatari. Sfaleriti, madini ya zinki, kwa kawaida haishiki zanthati vizuri. Wachenjuaji wanapoitaka ielee, huweka salfeti ya shaba: ayoni za shaba zinachukua nafasi ya zinki kwenye uso, na chembe ya zinki inaanza kujifanya ya shaba. Mbinu nzuri ukiitaka. Lakini kama shaba iko tayari kwenye maji yaliyorudi, zinki inaamka bila kuitwa na kupanda kwenye makinikia ya shaba. Hata pairiti huamshwa hivyo hivyo. Hapo mbale haijabadilika, dawa hazijabadilika, wafanyakazi ni wale wale, ila matokeo yameharibika. Aliyebadilika ni maji.

Na ukikosa maji baridi kabisa? Katika jangwa la Atacama, Chile, mgodi wa shaba wa Centinela hutumia maji ya bahari bila kuyaondoa chumvi. Chumvi ina faida: inazuia mapovu madogo yasiungane kuwa makubwa. Lakini maji ya bahari yana magnesi, zaidi ya gramu moja kwa lita. Ukiyawekea chokaa kufikia pH 10 kwenda juu, magnesi inaganda na kuwa tope jeupe la haidroksaidi, linalokaa juu ya madini na kuyazuia yasielee. Molibdeniti, ambayo hupatikana pamoja na shaba, huumia zaidi. Ina maana ile dawa ya Melbourne, ukiihamishia bahari bila kufikiri, inakugeuka. Hakuna kanuni ya pH unayoweza kuinakili kutoka mgodi mmoja kwenda mwingine bila kwanza kuyasoma maji.

Sisi inatuhusu nini

Mtu anaweza kusema, sawa, hayo ni ya wahandisi. Mimi naona ni ya kwetu pia, kwa sababu tatu.

Kwanza, makinikia ya Bulyanhulu na Buzwagi yalikuwa ya shaba yenye dhahabu na fedha ndani yake. Baada ya mvutano ule, Barrick na serikali waliunda kampuni ya Twiga, serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Maana yake Mtanzania ni mbia. Mbia anayejua kwamba kiasi cha dhahabu kwenye kontena hutegemea usagaji na maji ya mwezi ule, atauliza maswali tofauti na mbia anayedhani amebeba mchanga.

Pili, kuna nikeli ya Kabanga kule Ngara, ambayo mkataba wake na serikali ulisainiwa Januari 2021. Mbale ile ni salfaidi, na nikeli yake imezungukwa na pairotaiti, salfaidi ya chuma inayomenyuka haraka na kula oksijeni kwa pupa. Yale yote ya kutu, hewa na maji yaliyorudi yatakuwa ndiyo kazi ya kila siku pale. Wahandisi, wakemia na mafundi wa maabara wa miaka kumi ijayo wako Kidato cha Kwanza sasa hivi. Wengine watafundishwa na mimi, au na wewe unayesoma hapa huku unasubiri boom.

Tatu, ni namna ya kufundisha. Tukimpa mtoto orodha tu, "kikusanyaji, kitoa povu, kizuiaji", ataikariri, ataiandika kwenye mtihani na kuisahau Desemba. Tukimpa swali, atafikiri: mgodi umepata shaba nzuri Jumatatu, Ijumaa imeshuka, mbale ni ile ile, ungeangalia nini kwanza? Hapo atalazimika kuchukua kutu kutoka sura moja, pH kutoka sura nyingine, mfuatano wa metali kutoka ya tatu, na kuviweka meza moja. Kiswahili chetu kimeshatuonesha njia: kitu kikielea kiko juu ya maji, na jambo likikuelea umelielewa. Kueleza ni kukifanya kielee.

Nimeandaa maswali manne ambayo darasa lolote linaweza kumuuliza mgeni kutoka mgodini, au kwenda nayo ziarani. Mnasaga mpaka mikromita ngapi, na kwa nini hapo? Magololi yenu ni ya chuma gani? Oksijeni kwenye tope mnaipima kabla ya kuweka dawa au baada? Na maji yenu yanatoka wapi, yamezunguka mara ngapi? Mgeni akijibu manne yote bila kugugumia, darasa litakuwa limejifunza kemia ya mwaka mzima kwa mchana mmoja. Akigugumia kwenye la nne, msimwache aondoke kabla ya chai.